Pindo la Muhugu

Kila Jumanne, kabla sijafungua kibanda changu cha ushonaji
pale Huruma, ng'ambo ya ua wa Karura,
naingia msituni na daftari, penseli,
na kitambaa cha kupangusa ukungu.
Daktari Nyaboke alinichagua, nadhani, kwa ajili ya futi
iliyokuwa ikining'inia shingoni mwangu.
"Wewe wajua kupima kiuno bila kukibana."

Miti tumeivalisha mishipi ya bati,
kila mshipi na springi yake, na kidirisha
chenye mistari myembamba kama uzi wa kutarizi.
Nambari arobaini na moja ni muhugu.
Wajomba zangu kule Wamunyu waliuchonga vifaru na twiga,
wakalalamika kwamba unamaliza patasi.
Hauna haraka. Jirani yake, mukinduri,
hunenepa kama mtoto aliyetoka likizo kwa nyanya.

Januari ya kwanza niliandika, nikafuta, nikaandika tena:
muhugu ulikuwa umepungua.
Nikalaumu macho. Nikalaumu springi.
Mti haukondi, nilijiambia, mti si mtu wa mshahara.
"Hukonda," akasema Daktari.
"Jua hili huufyonza mchana,
usiku mizizi hurudisha kidogo,
kukicha hupokonywa tena."

Nami kibandani foleni ya kina mama,
sare za shule, kila mtoto ameipita nguo yake,
vifundo vya mikono nje, magoti nje,
nafumua mapindo niliyoyaacha mwaka jana.
Watoto wanarefuka, miti inasinyaa,
na futi ni ileile.

Kisha mvua ya kwanza ya masika, usiku, kwa kishindo.
Asubuhi mshipi umefunguka milimita mbili nzima!
Nikampigia simu nikihema: umekua!
"Bado. Umekunywa tu. Ngoja."
Nikangoja. Wiki ya kwanza, kimya.
Ya pili, majani machanga huko juu.
Ya nne, kama mtu aliyekumbuka deni,
shina likaanza kushona,
chini ya gome, mahali sindano yangu haitafika,
safu moja ya mbao mpya, nyembamba kuliko kucha.

Julai hakuna kitu.
Udongo una maji, lakini anga limefunikwa sufuria,
na mti, kama mimi stima ikipotea,
hauwezi kushona gizani.
Oktoba, vuli, mshono wa pili.
Ndiyo maana Nairobi, anayehesabu umri wa mti
kwa duara zilizo moyoni mwake
huenda akauzidishia miaka mara mbili,
au asione duara hata moja.

Halafu ukaja ule mwaka.
Masika hayakuonekana. Vuli ilikuja siku nne, ikaaga.
Nambari arobaini na moja: sifuri. Sifuri. Kasoro.
Sifuri.
Mkono wangu uliizoea tarakimu hiyo,
kwani nyumbani pia nilikuwa nikiiandika.
Mbithe wangu alivaa sare ya darasa la nne
akiwa la tano, na haikumbana popote.
Mwalimu akanisifu: mama, unatunza nguo!
Nikasema asante.
Pindo lilibaki ndani, na rangi yake ya dukani,
halijawahi kuona jua.

Sasa Mbithe amenipita kimo,
na anayeingia mlangoni kwangu haulizi.
Lakini mahali fulani ndani ya muhugu ule
pana mshono uliobanwa mno,
kama upo, na mimi pekee
ndiye ninayejua ni wa lini.

Leo ni Jumanne. Imenyesha tangu saa tisa usiku.
Springi imevutika, kidirisha kimejaa matone.
Napangusa. Nasoma. Naandika nukta nne,
na kando ya karatasi naacha nafasi pana,
kwa mazoea.